Likizo na mbwa kwenye nyumba ya kijijini karibu na Helmsley: mwongozo kamili

Tangazo lilisema bustani ina uzio. Kweli ulikuwepo, pande tatu. Upande wa nne ulikuwa ukuta wa mawe wa zamani unaofika magotini, na ng'ambo yake kuku wa jirani. Hatujamaliza hata kushusha mabegi, Kashata, mbwa wetu, keshavuka. Kuku hawakuumia, alhamdulillahi, lakini saa ya kwanza ya likizo niliyoilipia niliimaliza nikiwa na tope hadi magotini, nikiomba radhi kwa mtu nisiyemjua.

Kashata ni spanieli wetu, rangi yake ni ile ya kashata ya karanga iliyoungua kidogo. Tunaishi Leeds, na tangu siku ile tumekodi nyumba za likizo za namna hii mara kadhaa. Nilichojifunza ni kwamba tangazo likisema "mbwa wanakaribishwa", lichukulie kama jirani anayekwambia "karibu chakula" unapopita mlangoni kwake. Ni neno la heshima, lakini halikwambii sufuriani kuna nini, wala kama kinatosha. Kazi yako ni kufunua mfuniko kabla ya kulipa.

Nitaeleza kwa kutumia Helmsley, North Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu ndiko tunakokwenda mara nyingi. Ukienda Ludlow au Bakewell hatua ni zilezile, majina tu ndiyo yatabadilika.

Hatua ya kwanza: chagua mji kabla ya nyumba

Wengi huanza na picha za nyumba: meko, mihimili ya mbao, mbwa wa mtu mwingine amelala kwenye zulia. Anza na mji. Helmsley ni mji wa gulio. Zamani mfalme alikuwa akiupa mji kibali cha kufanya soko siku maalumu ya wiki, watu wa vijiji vya jirani wanaleta mifugo na mazao, na mji unajengeka kuuzunguka uwanja huo. Mtu wa Lushoto hahitaji kuelezwa zaidi. Gulio la Helmsley ni Ijumaa mpaka leo, kwenye uwanja wenye mnara wa Lord Feversham uliosanifiwa na George Gilbert Scott.

Faida yake kwa mwenye mbwa ni hii. Nyumba nyingi nzuri ziko kwenye vijiji visivyo na hata duka la mkate. Ukiwa karibu na mji wa gulio unapata bucha, duka la dawa, kituo cha mafuta na baa inayomruhusu mbwa, bila kuendesha nusu siku. Mimi sikodi nyumba iliyo zaidi ya dakika 15 kwa gari kutoka mjini. Pia natafuta daktari wa wanyama aliye karibu kabla hata sijalipa, naandika namba yake kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa makusudi, kwa kuwa mabonde ya huko mtandao wa simu hupotea ghafla.

Treni haifiki Helmsley. Wengi huja kwa gari, na kutoka Thirsk barabara ya A170 inapanda mlima wa Sutton Bank, mwinuko wa mita moja kwa kila mita nne. Karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, zimepigwa marufuku kupita hapo. Kwa mbwa mwenye kutapika safarini ule mlima ni mtihani, hivyo usimlishe ndani ya saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Na afungwe ndani ya gari, iwe kwa mkanda wa kifuani, kizimba au wavu. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unataka hivyo, na breki ya ghafla inataka hivyo zaidi.

Hatua ya pili: chagua majira

Hapa ndipo watu hukosea bila kujua. Helmsley iko ukingoni mwa North York Moors, hifadhi ya taifa tangu 1952. Ukipanda kaskazini unakuta nyanda pana za vichaka vifupi ambavyo Agosti hugeuka zambarau mpaka upeo wa macho. Nyanda hizo nyingi ni ardhi iliyofunguliwa kwa watembea kwa miguu kwa sheria ya mwaka 2000, na sheria hiyohiyo inasema kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai mbwa awe kwenye kamba fupi, isiyozidi mita 2. Sababu ni ndege wanaotaga chini: sululu, na wale wa jamii ya kwale ambao wenye ardhi huwalea kwa ajili ya uwindaji. Penye mifugo, kamba hiyo ni ya mwaka mzima. Na kwenye baadhi ya ardhi za kwale, mwenye ardhi anaweza kuwazuia mbwa kabisa. Utaona kibao getini. Njia za umma zinazokatiza hapo hazifungwi kwa kibao hicho, ila usitoke nje ya njia.

Kwa hiyo, kama mbwa wako ni wa kukimbia na hajui kutembea kwa kamba, Mei itawachosha nyote wawili. Agosti maua yanavutia, lakini kuanzia tarehe 12 Agosti msimu wa kuwinda kwale unafunguliwa na bunduki zinasikika. Aprili kondoo wanazaa kila shamba. Mimi nachagua mwisho wa Septemba. Bei imeshuka, watoto wamerudi shule, na nyasi bado kavu.

Kuna wanaokimbilia vijijini wiki ya tarehe 5 Novemba, usiku ambao Waingereza huwasha mioto na kurusha fataki, ili mbwa waepuke fataki za mijini. Wazo zuri, ila uliza kwanza. Hata kijiji cha nyumba ishirini kinaweza kuwa na moto wake na fataki zake, tena nyuma ya ukuta wako.

Hatua ya tatu: maswali kwa mwenye nyumba

Usibonyeze kitufe cha kulipa. Mpigie mwenye nyumba au umwandikie. Swali "je, bustani imezungushiwa uzio?" ni swali la kupewa jibu la ndiyo. Uliza hivi: uzio una urefu gani mahali palipo pafupi kuliko pote? Geti linajifunga lenyewe au linahitaji kusukumwa? Chini ya geti pana nafasi ya kiganja au ya mbwa mzima? Ng'ambo kuna nini: barabara, kuku, kondoo, mto? Omba picha ya upande ambao haumo kwenye tangazo. Mwenye nyumba mwenye mbwa wake mwenyewe hujibu maswali haya kwa furaha, hata hukutajia kona ambayo mbwa wake huitumia kutoroka. Anayejibu "hatujawahi kupata malalamiko" amekujibu pia.

Halafu mambo ya ndani. Je, mbwa anaruhusiwa ghorofani? Nyumba nyingi zinakataa, na kama mbwa wako amezoea kulala chumbani kwako, usiku wa kwanza atalia mlango wa ngazi mpaka alfajiri. Je, anaweza kuachwa peke yake? Jibu la kawaida ni hapana, au kwa saa chache akiwa kizimbani. Swali hili ndilo linaamua likizo nzima, maana asipoweza kuachwa, kila mlo wa nje lazima uwe kwenye baa inayompokea. Baa nyingi za Yorkshire humpokea upande wa kaunta, wala si upande wa mgahawa. Weka meza mapema na useme una mbwa.

Uliza idadi. Nyumba inayokubali "mbwa" huenda inakubali mmoja, na mdogo. Uliza ada. Sisi tumelipa kati ya pauni 20 na 40 kwa safari, na mara moja hatukulipa kitu. Uliza sakafu ya chini ni ya nini, kwa sababu zulia jeupe na Oktoba ya Yorkshire ni maadui. Mawe au vigae ndiyo salama yako. Uliza kama kuna bomba la nje. Na kama kuna jiko la kuni, uliza kama lina kizuizi mbele. Mbwa aliyelowa huenda kujibanza pale, na chuma kile kinaunguza.

Siku za kupokezana nyumba, mgeni mmoja akitoka na mwingine akiingia, huwa Ijumaa au Jumamosi kwa wiki nzima. Nje ya majira ya shule unaweza kupata Jumatatu hadi Ijumaa, na hiyo ndiyo naipenda zaidi, kwani unaondoka siku ya gulio na kikapu kimejaa. Lipa kwa kadi kupitia wakala anayejulikana. Anayekuomba utume pesa moja kwa moja benki ili "akupunguzie", mwache aendelee kutafuta.

Kama kuna mgeni anayeswali

Hili matangazo hayaligusi, lakini kwetu ni jambo kubwa. Shangazi alipotutembelea kutoka Tanga tulimchukua pamoja nasi. Mlangoni akasimama.

"Mwanangu, na huyu analala humuhumu ndani?"

"Ndiyo, shangazi. Lakini ghorofani hapandi. Ni sheria ya nyumba."

"Sheria ya nyumba au sheria yako?"

"Ya mwenye nyumba. Imeandikwa."

Akacheka, akapandisha begi lake. Ile sheria inayowaudhi wenye mbwa ndiyo iliyotuokoa. Chumba chake juu, mswala wake juu, vyombo vyake kwenye kabati tulilolitenga, na geti la mtoto chini ya ngazi. Mate ya mbwa yalikuwa ndiyo wasiwasi wake, wala si mbwa mwenyewe, na siku ya tatu nilimkuta akimsimulia Kashata habari za majirani zake wa Ngamiani, akiwa kakaa ngazi ya nne, geti limefungwa. Ukiwa na mgeni kama huyu, tafuta nyumba yenye ghorofa, bafu la juu na sebule mbili ikiwezekana. Banda lililogeuzwa kuwa chumba kimoja kirefu, hata liwe zuri namna gani, halitawafaa.

Hatua ya nne: kufunga mizigo

Kitu cha kwanza ni kola yenye kibati. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 inataka mbwa akiwa mahali pa umma avae kola yenye jina na anwani ya mwenyewe. Chipu chini ya ngozi nayo ni lazima, Uingereza tangu tarehe 6 Aprili 2016, lakini chipu haisomeki kwa macho ya mkulima. Kabla ya safari, hakikisha namba yako ya simu kwenye daftari la chipu ni ya sasa. Mimi huongeza kibati cha muda chenye namba mbili, ya kwangu na ya mke wangu, kwa kuwa yangu hupotea mtandao kwenye kila bonde.

Mengine: kitanda chake, tena kisichofuliwa, kiwe na harufu ya nyumbani. Mashuka mawili makuukuu ya kufunika makochi hata kama makochi yamekatazwa, kwani mbwa hasomi. Taulo nne, na ukidhani nne ni nyingi, subiri mvua. Chakula chake cha siku zote kwa idadi ya siku na moja zaidi, kwa sababu tumbo likivurugika ugenini hutalisahau zulia lile. Kamba fupi na kamba ndefu. Mifuko ya kinyesi. Ndoano ya kupe. Gambuti zako mwenyewe.

Hatua ya tano: saa ya kwanza

Mwache mbwa garini na mtu mmoja. Ufunguo huwa kwenye kisanduku cha namba ukutani. Ingia, piga picha za kila chumba, hasa kucha zilizokwishakwaruza milango na madoa yaliyokwisha kuwepo. Toka bustanini, zunguka uzio wote ukigusa kwa mkono. Sukuma ubao unaolegea. Inama uangalie chini ya geti. Ukikuta tundu, hamisha chungu cha maua au benchi mpaka utakapompigia mwenye nyumba. Ndipo mbwa ashuke, kwa kamba, azungushwe bustani yote kabla ya kuingia ndani. Weka kitanda chake mbali na jiko la kuni, bakuli la maji mahali atakapolikuta, na usimwache peke yake jioni hiyo.

Angalia pia friji na bakuli la ukaribisho. Wenye nyumba wa Yorkshire ni wakarimu, huacha keki mezani. Keki hizo zikiwa na zabibu kavu ni sumu kwa mbwa, sawa na chokoleti na vitunguu. Mwenye mbwa mrefu aweke vitu hivyo kabatini, asiviache mezani.

Usitupe kinyesi chooni. Nyumba nyingi za nje ya mji zina shimo lao la maji taka, na likiziba bili itakufuata wewe.

Hatua ya sita: matembezi, na mifugo

Matembezi ya kuanzia ni Helmsley hadi Rievaulx, hutamkwa "Rivo". Ndicho kipande cha kwanza cha njia ya Cleveland Way, iliyofunguliwa mwaka 1969, inayokwenda kilomita 175 mpaka Filey baharini. Usiogope, wewe unakwenda kilomita tano na kidogo tu. Unapita kando ya ngome ya Helmsley, kisha mashamba, kisha msitu unaoshuka hadi mto Rye, na mwisho magofu ya abasia ya watawa wa Cistercian iliyoanzishwa 1132 na kufungwa 1538 enzi za Henry wa Nane. Ngome na abasia zote mbili humpokea mbwa akiwa kwenye kamba.

Kwenye njia za huko utakutana na ngazi za kuvukia kuta. Binadamu anakanyaga mawe mawili na kuvuka. Mbwa wa kilo 14 aliyelowa tope unamkumbatia, unampandisha, naye katikati anaamua kukulamba sikio. Kama mbwa wako ana kilo 35, tazama ramani na uulize njia zenye mageti.

Kondoo wakiwepo, funga kamba, hata kama mbwa wako "hana shida". Sheria ya mwaka 1953 haingoji kondoo ang'atwe. Kumfukuza tu ni kosa, maana kondoo mwenye mimba hutoa mimba kwa kukimbia. Na katika mazingira fulani sheria inamkinga mkulima akimpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo. Usilifanyie majaribio.

Ng'ombe wana kanuni yake, nayo ni kinyume kabisa. Tukiwa juu ya Helmsley siku moja, ng'ombe wenye ndama walianza kutujia, kwanza kwa hatua, halafu kwa mbio. Mkono wangu ulitaka kuikaza kamba. Ndilo kosa linaloua watu. Ng'ombe anamtaka mbwa, na mbwa ana miguu minne. Achilia kamba. Nikaiachia, Kashata akaruka pembeni kama mshale na kupita chini ya uzio, ng'ombe wakageukia huko, nami nikatembea hadi getini kwa miguu inayotetemeka. Penye ndama, bora uzunguke kabisa, hata kama njia inapita katikati.

Kupe ni wa kila jioni. Kijijini kwetu kupe alipakwa mafuta ya taa, au alichomwa na njiti. Usifanye hivyo. Kupe akisumbuliwa hutapika ndani ya jeraha, na kwa huku anaweza kuacha ugonjwa wa Lyme, kwa mbwa na kwa mtu. Mlaze mbwa chini ya taa, pitisha vidole nyuma ya masikio, makwapani, katikati ya vidole vya miguu. Ukigusa kitu kama punje ya mtama, tenganisha manyoya. Ingiza ndoano kutoka pembeni mpaka imshike shingo, zungusha taratibu bila kuvuta, mara mbili au tatu, na atatoka mzima na miguu yake ikichezacheza. Nawa mikono. Kisha jikague mwenyewe, nyuma ya magoti.

Nyoka mwenye sumu wa asili huko ni mmoja tu, wa ukoo wa kifutu lakini mdogo, na hupenda kuota jua njiani masika. Mbwa akiumwa usikate wala kunyonya. Mbebe asitembee, na upige ile namba ya daktari iliyo kwenye karatasi.

Ijumaa gulioni

Nenda mapema, kabla uwanja haujajaa magari. Kamba fupi, mbwa upande wa ndani, mbali na meza za jibini. Usimfunge mbwa nje ya duka na kuingia. Mbwa huibiwa, na wengine hujifungua wenyewe. Gawaneni, mmoja aingie bucha, mwingine abaki mnarani. Ukipewa kipande cha tati, yaani pai ya wazi, ya jibini laini ya Yorkshire, kula mwenyewe, kina zabibu ndogo kavu ndani. Na jiandae kusimamishwa. Wazee wa huko watakupita mwaka mzima bila salamu, lakini ukiwa na mbwa watakuuliza jina lake, umri wake, anakula nini, na mwisho kabisa wewe unatokea wapi.

Baharini ukienda, Whitby au Filey, kumbuka baadhi ya fukwe humkataza mbwa kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba. Soma kibao cha ufuko.

Hatua ya mwisho: kuondoka

Kwa kawaida mnatakiwa kutoka saa nne asubuhi. Mtu mmoja ampeleke mbwa matembezini, mwingine afyonze manyoya kwa mashine, aanzie kwenye kona za makochi. Okota kinyesi chote bustanini, hata kile ambacho hakikuwa chenu. Rudisha chungu cha maua ulichohamisha. Kama kuna kilichotafunwa, mwandikie mwenye nyumba kabla hajakiona, pamoja na picha na ahadi ya kulipa. Mara nyingi hawadai, na mwakani watakupokea. Piga picha za vyumba tena.

Halafu hesabu garini: kitanda, kamba mbili, bakuli, taulo, mbwa. Mara ya mwisho tulikuwa tumeshashuka Sutton Bank ndipo nilipokumbuka bakuli.